Salmoni wa vuli katika mito ya jimbo la Washington, Marekani: mwongozo kwa anayeanza

Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria au Tanganyika amezoea samaki mwenye njaa. Sangara anafukuza dagaa, migebuka wanafuata taa, na kazi ya mvuvi ni kumpa samaki chakula. Salmoni aliyeingia mtoni hali tena. Tumbo lake limeanza kusinyaa, anaishi kwa mafuta aliyotoka nayo baharini, na shughuli iliyombakia ni kupanda mto, kutaga na kufa. Akiuma ndoano, anauma kwa hasira, kwa mazoea, au kwa sababu kitu kimempita karibu mno na pua. Ndiyo maana kina cha chambo kina uzito kuliko rangi yake, na ndiyo maana pia sheria za hapa ni kali: samaki asiye na njaa, aliyejazana kwenye maji ya futi 4, humshawishi mtu amnase ubavuni badala ya kumvua.

Haya yanahusu mito inayomwaga maji Puget Sound, ghuba kubwa ya jimbo hili, na zaidi Green River, kwa kuwa unapita Auburn, Kent na Tukwila, miji yenye familia nyingi zilizotoka Kongo, Burundi, Somalia na Kenya. Skykomish, Snohomish na Puyallup huvuliwa kwa mbinu zilezile.

Nani anapanda lini

Chinuki, mkubwa kuliko aina zote za salmoni, huanza kuingia Agosti na wengi hupita Septemba. Pinki huja kwa wingi miaka witiri tu, kama 2023 na 2025, Agosti na Septemba. Koho huanza katikati ya Septemba hadi mwanzo wa Novemba. Chamu hufunga msafara, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba. Soki, yule mwekundu mwenye kichwa cha kijani, ni samaki wa mito yenye ziwa juu yake, kwa hiyo hapa usimpigie hesabu.

Kama unaanza, lenga koho wa Oktoba. Nyama yake ni nzuri, uzito wake wa paundi 6 hadi 12 unamudu zana za kawaida, na wengi wao hutoka vituo vya kuzalishia samaki kama cha Soos Creek karibu na Auburn, hivyo kuna wa kupeleka nyumbani kihalali. Chamu anauma kwa urahisi zaidi na anavuta kama punda, lakini jikoni hamfikii koho.

Kuwatambua ni lazima ukujue kabla hujatia mguu majini, kwa sababu mto unaweza kuwa wazi kwa koho na umefungwa kwa chinuki siku hiyohiyo. Angalia mdomo na mkia. Chinuki ana ufizi mweusi mtupu na madoadoa juu na chini ya mkia. Koho ana ufizi mweupe pale meno yanapoota, na madoa yake yako nusu ya juu ya mkia tu. Pinki ana madoa makubwa ya umbo la yai mkia mzima na magamba madogo sana. Dume huota nundu. Chamu hana madoa, ila ana michirizi ya zambarau na kijani ubavuni, kama nguo iliyochujia rangi.

Sheria kwanza

Leseni inatolewa na Idara ya Samaki na Wanyamapori ya jimbo, WDFW, na mwaka wake huanza 1 Aprili na kuisha 31 Machi. Kuanzia umri wa miaka 15 lazima uwe nayo. Bei ya mkazi ni ndogo kuliko ya mgeni, na ili uhesabiwe mkazi uwe umeishi jimboni siku 90. Pamoja na leseni utapewa kadi ya kuandikia samaki. Hata mtoto asiyehitaji leseni anahitaji kadi hiyo kwa salmoni. Ukiamua kumchukua samaki, andika papo hapo kwa kalamu ya wino, kabla hujarusha ndoano tena. Wengi hutozwa faini kwa kusema «nitaandika nikifika kwenye gari».

Misimu hupangwa kila mwaka, lakini hubadilishwa katikati kwa amri za dharura, wakati mwingine kwa notisi ya siku moja au mbili. Soma ukurasa wa mto wako usiku wa kuamkia safari. Tafuta mambo manne: aina zilizoruhusiwa na idadi kwa siku, mipaka ya kipande kilicho wazi (mara nyingi ni daraja hadi daraja), kama chambo kinaruhusiwa au ni zana bandia tu, na kama ndoano lazima ziwe hazina kikwakwaru (kile kijino kinachoizuia ndoano kuchomoka). Kama huna uhakika na hilo la mwisho, bana kikwakwaru kwa koleo na uendelee. Hupotezi samaki wengi ukiuweka mshipi umekaza.

Kwenye mito mingi wakati wa vuli kuna kanuni ya kuzuia kunasa. Kwa ufupi: ndoano moja yenye ncha moja, upana usiozidi robo tatu ya inchi kutoka ncha hadi kwenye shina, na chubwi (risasi ya kuzamishia uzi) isikae chini ya chambo wala karibu nacho kuliko inchi 12. Mahali penye zuio la usiku, uvuvi unakoma saa moja baada ya jua kuzama na kuanza tena saa moja kabla halijachomoza.

Samaki aliyenaswa tumboni, mgongoni au mkiani anarudi majini, hata awe mnono kiasi gani. Na tazama pezi dogo la mafuta, lile lililo peke yake kati ya pezi la mgongoni na mkia. Samaki wa kituo cha uzalishaji alikatwa pezi hilo akiwa mdogo, na pale pana kovu lililopona. Akiwa nalo zima, huhesabiwa kuwa wa asili, na mahali pengi haruhusiwi kuchukuliwa. Samaki wa kuachiwa hatolewi majini kabisa, hata kwa picha. Hiyo ni sheria ya jimbo, haikuachwa kwa hiari yako.

Utaona nyavu zimekingwa mtoni na watu wa kabila la wenyeji asilia la Muckleshoot wakizitoa samaki. Usiseme ni ujangili, na usiziguse. Mikataba ya 1854 na 1855 iliyahifadhia makabila ya hapa haki ya kuvua katika maeneo yao ya asili, na hukumu ya Jaji George Boldt ya mwaka 1974 iliamua kwamba fungu lao ni nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Baada ya siku ya nyavu mto huwa mtulivu kwa muda, basi panga safari yako ukijua ratiba yao.

Zana

Fimbo moja ya futi 9 na nusu hadi 10 na nusu, iliyoandikwa paundi 8 hadi 12 au 10 hadi 15, inatosha kwa koho na chamu. Urefu huo una kazi yake: unainua mshipi juu ya maji ili mkondo usiuburute. Rili (kikunjio cha uzi) ya kawaida ya ukubwa wa 3000 au 4000, yenye uzi wa kusuka wa paundi 30 unaoelea. Breki ya rili ikaze hadi uzi uanze kutoka ukivutwa kwa nguvu ya paundi 4 hivi. Anayeanza hukaza mno, na samaki wa kwanza anaondoka na kila kitu.

Mpangilio wa kielea, ukishuka kutoka kwenye fimbo, ni huu: fundo dogo la kusimamisha linaloteleza ukilisukuma, ushanga, kielea cha nusu aunsi chenye tundu katikati, ushanga mwingine, chubwi ya nusu aunsi, swiveli (kiungo kinachozunguka), kisha lida (kipande cha uzi kinachoshika ndoano) ya paundi 12 au 15 yenye urefu wa inchi 18 hadi 24, na ndoano namba 1/0 au 2/0. Uzito wa chubwi ulingane na ulioandikwa kwenye kielea. Chubwi ikiwa nyepesi, kielea kinalala ubavu na huwezi kusoma kinachoendelea chini. Lida iwe dhaifu kuliko uzi mkuu makusudi, ili ikinasa kwenye gogo upoteze ndoano tu.

Lida ndefu ya futi 5 au 6 utaiona mikononi mwa wengine. Hiyo huburutwa kukatiza mdomo wa samaki aliyeuacha wazi na kumchoma kutoka nje. Wanaofanya hivyo wana majina mazuri ya kuiita, lakini samaki hakuuma.

Ndoano ya mayai hufungwa kwa fundo lenye kitanzi. Pitisha ncha ya lida kwenye tundu la ndoano, ilaze kwenye shina, kisha zungushia uzi juu yake mara 12 hadi 15 kuelekea kwenye pindo. Shika hapo kwa kidole gumba. Chukua ncha ya pili ya lida, ipitishe tundu lilelile, ilaze kwenye shina, na utaona umebakiwa na kitanzi kikubwa kinaning'inia. Upande wa kitanzi ulio karibu na pindo uzungushe mara 5 au 6 zaidi, kisha vuta ncha ndefu polepole hadi kitanzi kiishe. Loweka kwa mate kabla ya kukaza. Uzi mkavu hujichoma kwa msuguano na kukatika baadaye, samaki akiwa ameshafika miguuni. Sasa ukisukuma lida nyuma kupitia tundu, kitanzi kidogo hufunguka juu ya shina. Weka pande la mayai humo, vuta, limebanwa.

Mayai ya chambo

Mayai mazuri hutoka kwa jike aliyetolewa damu vizuri, ambaye mayai yake bado yameshikana kwenye utando. Yakiwa yameachana na kumwagika kama gololi, hayafai kwa njia hii. Changanya vikombe 2 vya boraksi (unga mweupe wa kufulia), kikombe 1 cha sukari nyeupe, kikombe 1 cha sukari ya kahawia na kikombe 1 cha chumvi isiyotiwa madini joto. Kamua damu kwenye mishipa kwa mgongo wa kijiko, kata utando vipande vya ukubwa wa kifundo cha kidole gumba, nyunyizia mchanganyiko kila upande hadi vifunikwe, tia kwenye chupa ya mdomo mpana. Ndani ya saa chache mayai yatatoa maji, kisha yatayanywa tena. Igeuze chupa kila unapopita. Baada ya saa 24 chuja maji yaliyobaki na uweke kwenye friji. Yatakayokaa zaidi ya wiki yagandishe. Vaa glovu, na andika chupani kwa herufi kubwa kwamba si chakula. Boraksi hailiwi, na familia zetu zinakula mayai ya samaki.

Pande likishakuwa jeupe na laini baada ya kurusha mara kadhaa, harufu yake imekwisha. Badilisha. Ubahili wa chambo ni ubahili wa kijinga.

Kusoma maji na kuweka kina

Salmoni hupanda kwa vipindi na kupumzika kati yake. Unamvua anapopumzika: maji ya futi 4 hadi 8, yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea, kwenye mstari ambapo mkondo wa kasi unakutana na maji yaliyotulia, nyuma ya mwamba, au kwenye mkia wa kilindi kabla maji hayajaanza kukimbia tena. Koho hupenda maji yaliyolala kuliko wenzake, hata pale wengine wanapopaona pamekufa, karibu na magogo na ukingo uliojikunja. Samaki wanaoruka juu wanakuonyesha wapo, lakini mara nyingi hao ndio wasiouma.

Mvua kubwa za kwanza za vuli ndizo zinazowavuta kutoka baharini. Kipimo cha mto kiko kwenye tovuti ya USGS, shirika la serikali la jiolojia, kwa futi za ujazo kwa sekunde. Grafu ikipanda na maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa, baki nyumbani. Ikianza kushuka na maji yakirudi kuwa ya kijani, nenda alfajiri inayofuata. Simama maji yakiwa magotini: ukiona ncha ya buti yako kwa shida, hayo ndiyo maji mazuri. Yakiwa maangavu kama ya glasi, punguza lida hadi paundi 10, punguza ukubwa wa chambo, na uvue kabla jua halijapiga mtoni.

Kina ndicho kinachotofautisha aliyepata na asiyepata wakiwa wamesimama bega kwa bega. Chambo kipite futi 1 hadi 1 na nusu juu ya changarawe. Salmoni hushuka kukifuata kitu mara chache sana. Anza na futi 4 kati ya fundo la kusimamisha na chubwi. Rusha juu kidogo ya ulipo, inua fimbo, uzi ulioko majini uuhamishie upande wa juu wa mkondo ili usikivute kielea, kisha kiache kishuke chenyewe. Kikisimama wima na kupita bila kuguswa, ongeza nusu futi. Endelea kuongeza hadi kielea kianze kuinamia kule mto unakokwenda na kuzamazama; hapo chubwi inaburuta chini. Rudisha kiasi cha urefu wa lida na futi 1 zaidi, umefika. Ukihamia hatua kumi kando, anza upya, kwa sababu sakafu ya mto haiko sawa.

Kielea kikizama, usipige fimbo hewani mara moja. Kunja uzi uliolegea hadi uuhisi uzito, kisha piga kwa nguvu, mara moja. Samaki akikimbia, fimbo ilaze upande na umvute kukatiza mkondo. Fimbo iliyonyanyuliwa wima humfundisha kuruka. Akijiviringisha, jambo ambalo koho hulifanya sana, usimpe uzi uliolegea.

Mahali chambo kinapokatazwa, au koho wanapokaa kwenye maji yaliyolala, tumia jigi (ndoano yenye kichwa kizito cha risasi) ya robo hadi aunsi 3/8, ya manyoya ya sungura au ya marabou (manyoya laini ya ndege), nyeusi, zambarau au waridi, kwenye fimbo fupi ya futi 7 na nusu. Rusha, iache izame, tikisa ncha ya fimbo mara 1 au 2, iache ianguke huku unakunja uzi uliolegea. Wanauma ikianguka, kwa hiyo macho yawe kwenye uzi: ukisita au ukienda kando, piga.

Ukingoni na majini

Asubuhi ya Jumamosi ya Oktoba utakuta watu wamepangana futi 10 kati ya mmoja na mwenzake. Salimia, uliza kama nafasi ipo, na rusha kwa zamu na kwa pembe ileile wanayorusha wao. Kielea chako kikitangulia au kuchelewa, nyuzi zitafungamana. Ukisikia mtu anapaza sauti «Fish on!» (samaki amenasa), kunja uzi wako utoke majini. Usipofanya hivyo hutaambiwa kwa upole mara mbili.

Suruali ya mpira inayofika kifuani ni lazima ifungwe mkanda kiunoni kwa nje, ili ukianguka isijae maji. Usivuke goti isipokuwa unapajua mahali hapo, na tumia bakora. Maji ya Novemba hutia vidole ganzi kwa dakika chache. Hatari kubwa kuliko zote ni rundo la magogo upande wa chini: maji hupita katikati yake, mtu hapiti. Usisimame kamwe juu ya mkondo unaoelekea huko. Na ukiona duara la changarawe safi, jeupe kuliko jirani yake, ni kiota cha mayai. Zunguka.

Wa kuchukua na wa kuacha

Chukua aliyeng'aa: mgongo wa buluu au kijani, ubavu wa fedha, tumbo jeupe, magamba yanayobanduka mkononi. Aliyegeuka mwekundu pyu au mweusi, mwenye mkia uliochakaa, mafuta yake yamekwisha na nyama imekuwa majimaji. Mwache akatage. Uliyemchukua mpige rungu kichwani, kata matamvua upande mmoja, mwache atoke damu majini dakika 5, kisha mtie barafuni akiwa ameshatumbuliwa. Koho anakubali chochote, kuanzia kukaangwa hadi mchuzi wa nazi. Nazi iwe nzito na samaki aingie mwishoni, kwani hupikika haraka kuliko sangara. Chamu mpake chumvi na sukari usiku mmoja, kisha mfukize kwa moshi. Anayetaka kula mbichi agandishe kwanza kwa nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri siku 7, kwa ajili ya minyoo. Mbwa asipewe salmoni mbichi wa eneo hili hata kidogo: anabeba vimelea vinavyoweza kumuua.

Tofauti ifahamike pia kuhusu Duwamish, yaani Green River ukishafika karibu na Seattle. Sehemu yake ya chini iliwekwa na serikali mwaka 2001 kwenye orodha ya maeneo yaliyochafuliwa vibaya. Salmoni wanapita tu, hivyo ndio salama zaidi kuliwa hapo. Kaa na samaki wanaoishi humo mwaka mzima wasiliwe.

Samaki wa leseni hauzwi, si kwa jirani, si mgahawani. Na kadi yako irudishwe au iripotiwe mtandaoni kabla ya 30 Aprili, hata kama haikuandikwa samaki hata mmoja.